Dakika tatu za foleni: jinsi ya kupenya salama na mzigo wa mteja



Leo siongelei bei wala namna ya kupiga picha za bidhaa. Naongelea kitu ambacho kila anayeuza mtandaoni hapa Dar anakitegemea kila siku ila hakai chini akakifikiria: pikipiki inayopita katikati ya magari na mzigo wako ukiwa nyuma.

Nianze na langu. Mwaka juzi, mwezi wa 12, nilikuwa na oda ya viatu jozi mbili, mteja yuko Tegeta. Kaka yangu wa boda ninayefanya naye kazi alitoka Kariakoo saa kumi na nusu jioni. Unajua barabara ya Bagamoyo muda huo ilivyo. Nikampigia, "umefika wapi?" Akasema Morocco. Baada ya muda nikapiga tena, akasema Mwenge. Mteja ananisumbua WhatsApp, anasema anaghairi. Nikapiga mara ya tatu. Akapokea simu akiwa ameibana ndani ya helmeti, nami nikamwambia, "ongeza mwendo kidogo bro, mteja anakimbia."

Akaongeza. Mbele yake kulikuwa na gari ndogo imesimama kwenye foleni, abiria akafungua mlango ashuke. Nilisikia kila kitu kwenye simu.

Alivunjika mtulinga. Miezi miwili hakupanda pikipiki, na ana watoto. Viatu vilifika kesho yake vikiwa salama kabisa, hata boksi halikukunjika. Faida yangu kwenye ile oda ilikuwa shilingi 14,000.

Sikuwahi kuandika hapa kwa sababu naona aibu. Lakini najua wengi wenu mnafanya kama nilivyofanya mimi, na hamjui. Kwa hiyo somo la leo lina sehemu tatu: barabarani, kwenye mzigo, na kwenye simu yako. Mimi nimeishia form four, sijasomea haya. Niliendesha mwenyewe mwaka mmoja na nusu kupeleka mizigo kabla ya kuanza kutumia boda, nikajifunza kwa kuanguka na kwa kuuliza wakubwa wa kijiweni. Kama unaendesha mwenyewe, soma yote. Kama unatumia boda, soma yote halafu mtumie.

SEHEMU YA KWANZA: BARABARANI

1. Kupenya siyo kutanua

Kupenya ni kupita taratibu kati ya mistari miwili ya magari yanayoenda upande mmoja na wewe. Kutanua ni kuingia upande wa wanaokuja, au kupita juu ya njia ya waenda kwa miguu. Nachofundisha hapa ni kupenya tu. Ukivuka kwenda upande wa wanaokuja, anayekuja naye ana mwendo wake, unajumlisha wako na wake. Na njia ya mwendokasi usiiguse. Lile basi lina nafasi yake peke yake kwa hiyo linakuja kasi, na dereva hategemei kukukuta mle.

2. Hesabu ya dakika tatu

Chukua foleni ya kilomita 2. Ukipenya kwa mwendo wa 20 unaimaliza kwa dakika 6. Ukipenya kwa mwendo wa 40 unaimaliza kwa dakika 3. Tofauti ni dakika tatu. Gari iliyo pembeni yako inaweza kukaa pale nusu saa. Yaani faida ya pikipiki umeshaipata kwa kupenya tu, hiyo kasi ya ziada inakuongezea dakika tatu basi.

Sasa angalia unalipa nini kwa hizo dakika tatu. Mtu akiona hatari, mpaka mkono ushike breki inapita kama sekunde moja. Kwa mwendo wa 20, ndani ya hiyo sekunde umeshatembea mita 5 na nusu, ni kama urefu wa gari ndogo na kidogo. Kwa 40 umetembea mita 11, na hapo breki haijaanza kufanya kazi. Na ukigonga, kishindo cha 40 siyo mara mbili ya 20, ni mara nne. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kugonga inazidishwa mara nne.

Mlango wa gari ukifunguka hauna honi wala indiketa. Kwa 20 una nafasi ya kusimama au kugusa tu. Kwa 40 huna.

3. Tofauti ya mwendo ndiyo inayovunja watu

Marekani kuna jimbo linaitwa California, kule kupenya ni jambo la kawaida na mwaka 2016 wakaliandika kabisa kwenye sheria. Kabla ya hapo, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley walichambua ajali za pikipiki karibu 6,000, na kati ya hizo 997 mwendeshaji alikuwa anapenya. Matokeo yalitoka mwaka 2015. Waliona kwamba kupenya hakuna hatari kubwa kama magari yako chini ya kilomita 80 kwa saa na pikipiki haiyazidi magari kwa zaidi ya kilomita 24 kwa saa. Tofauti ikizidi hapo, watu wanaumia zaidi.

Elewa vizuri: siyo mwendo wako peke yake, ni tofauti kati yako na gari unayoipita. Na kule barabara ni pana, hakuna muuza maji wala muuza karanga katikati ya magari. Kwa hiyo mimi kwa Dar nimepunguza:

- Magari yamesimama: sizidi 20.
- Magari yanatembea polepole: siyazidi kwa zaidi ya 15.
- Magari yamefika 40: sipenyi tena, narudi kwenye mstari nakaa nyuma ya gari kama gari.

Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kwa vijana. Foleni ikifunguka, kila mtu anahamahama mstari kutafuta nafasi. Ukibaki katikati muda huo, unabanwa.

4. Nafasi tupu ni mtego

Ukiona mstari wa kushoto umesimama na wa kulia una nafasi ya gari moja mbele, usifurahie. Dereva wa kushoto naye ameiona. Sekunde mbili zijazo atakata usukani aingie, na hataangalia kioo. Ukiona nafasi hivyo, punguza mpaka uone nani anaichukua.

Dalili za gari inayotaka kuhama: tairi la mbele linaanza kugeuka kabla bodi haijasogea. Angalia tairi. Angalia pia kichwa cha dereva kupitia kioo chake. Indiketa usiisubiri, wengi hawawashi.

Dalili za mlango kufunguka: bajaji, teksi na gari yoyote yenye abiria nyuma iliyosimama karibu na kituo, sokoni au hospitali. Taa ya ndani ikiwaka usiku, kuna mtu anashuka. Ukiona mtu ndani anageuka kuchukua begi, anashuka huyo.

5. Daladala na watu wa miguu

Daladala ikisimama, hata katikati ya foleni, konda anafungua na watu wanashuka upande wa kushoto. Usipite kushoto kwa daladala iliyosimama. Na ikiwa imesimama na wewe huoni mbele yake, jua kuna mtu anavuka mbele yake. Mama na mtoto wanatokea pale ghafla, hawajui kama kuna pikipiki inakuja katikati. Hapo shuka mpaka mwendo wa mtu anayetembea.

6. Malori: kama huoni uso wake, hakuoni

Barabara ya Mandela imejaa malori ya bandarini, wote mnaijua. Kanuni ni hii: kama huoni uso wa dereva kwenye kioo chake cha pembeni, yeye hajui kama upo. Mambo matatu usifanye kabisa:

- Usipite kati ya malori mawili, hata kama yamesimama. Yakianza kuondoka huna pa kutokea.
- Usikae kushoto kwa semi karibu na makutano. Ikikata kushoto, kichwa kinapita mbali lakini tairi za nyuma zinakata kona ndani, zinakufuata ulipo.
- Usisimame mbele kabisa chini ya pua ya lori kwenye taa. Dereva yuko juu, haoni chini pale.

Kwa lori, kaa nyuma, subiri. Dakika hizo mteja hatakufa.

7. Mikono na vioo

Ukiwa unapenya, kaa gia ndogo, vidole viwili vikiwa juu ya breki ya mbele muda wote, mguu juu ya breki ya nyuma. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha pikipiki zaidi, ila ikamue taratibu, usiikabe, na tumia zote mbili kwa pamoja. Ukikaba ya mbele huku usukani umekata, tairi linateleza unalala.

Usiondoe vioo vya pembeni. Najua vijana wanavitoa ili wapite sehemu nyembamba. Kama sehemu ni nyembamba kiasi kwamba kioo hakipiti, basi hiyo sehemu siyo yako, subiri. Washa taa ya mbele hata mchana, dereva anayetazama kioo anaona taa haraka kuliko anavyoona pikipiki.

Na usimfuate boda mwenzako kwa karibu. Yeye akipita, dereva anadhani zimeisha, anahama. Wa pili ndiye anayegongwa. Mwenye haraka nyuma yako akipiga honi, jibane mbele ya gari mojawapo, mwache apite, endelea na safari yako.

8. Mvua

Mvua ikianza, zile dakika za mwanzo ndizo mbaya, kwa sababu oili na vumbi la barabarani vinageuka utelezi. Mistari myeupe nayo inateleza ikilowa, na unapopenya uko juu ya mstari muda wote. Mvua ikinyesha mimi sipenyi. Nasimama sehemu salama nje ya barabara au nakaa kwenye foleni kama wengine. Siyo chini ya daraja katikati ya njia kama wengi wanavyofanya, pale mnagongwa wote.

9. Helmeti

Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha helmeti inapunguza kifo kwa anayepata ajali kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Lakini lazima mkanda ufungwe. Helmeti ya kuweka tu kichwani inatangulia kuanguka kabla yako.

SEHEMU YA PILI: MZIGO

Hapa ndipo wewe muuzaji unapoingia, hata kama hujawahi kupanda pikipiki. Mzigo unavyoufunga ndivyo boda atakavyoendesha.

Upana. Chukua tepu ya fundi cherehani, pima usukani wa boda wako kutoka ncha hadi ncha. Ya kwangu ilikuwa karibu sentimita 80. Mzigo wako usizidi hapo. Boda anapenya kwa kuangalia usukani, usukani ukipita anajua amepita. Kama boksi limetokeza nje, litakwaruza gari au litagonga kioo, naye anavutwa upande. Mzigo mpana panga wima, au tuma kwa bajaji na umweleze mteja bei mapema.

Uzito. Kizito kikae chini na karibu na mgongo wa boda, chepesi juu. Ukiweka kizito juu na nyuma kabisa, mbele panakuwa pepesi na usukani unayumba kwenye mwendo mdogo, na kupenya ni mwendo mdogo.

Kamba. Mipira ya kufungia ifungwe, mkia usining'inie. Ukiingia kwenye mnyororo au kwenye tairi, pikipiki inakaba yenyewe. Usimtundikie mfuko kwenye usukani, hata kama ni "kadogo tu hako".

Breki. Hili nililielewa baadaye. Funga mzigo wako kiasi kwamba boda akikaba breki kali, hauharibiki. Ukimpa keki ya ngazi mbili ukamwambia "usiitikise hiyo, ikiharibika unalipa", umemwambia asishike breki. Siku mlango ukifunguka mbele yake, atajiuliza nusu sekunde kuhusu keki yako. Nusu sekunde kwa mwendo wa 20 ni karibu mita 3. Keki za ngazi na vyombo vya udongo tuma kwa gari. Manukato na mafuta, funga kifuniko kwa selotepu na weka kwenye mfuko, yakimwagika kwenye tairi la nyuma ni ajali.

SEHEMU YA TATU: SIMU NA AHADI YAKO

Nilipoenda kumwona yule kaka nyumbani kwake nilimuuliza, kwa nini ulipokea simu? Akanijibu, "Bosi, nisipopokea siku inayofuata unampa mwingine."

Sikuwa na jibu. Ni kweli, nilishawahi kufanya hivyo.

Hapo ndipo nikaelewa kwamba kwenye ile pikipiki tulikuwa watu watatu: yeye, mteja na mimi. Sisi wawili tulikuwa tunaongeza mwendo tukiwa tumekaa kwenye kiti. Tangu hapo nimebadilisha mambo haya, na nakushauri uyachukue:

- Sipigi simu boda akiwa njiani. Natuma ujumbe. Yeye anasoma akisimama. Makubaliano yetu ni kwamba asipopokea simu nafurahi, najua anaendesha.

- Kabla hajaondoka anajua kila kitu: jina la mteja, namba, kituo na alama ya karibu, ameshalipa au bado, na chenji anayo mfukoni. Simu nyingi za njiani zinatokana na sisi kutokupanga, mara "kumbe siyo Mbezi Beach, ni Mbezi ya Kimara". Ukikosea hapo umempa saa nzima ya kufidia, na ataifidia kwa kukimbia.

- Oda ikiingia kabla ya saa nne asubuhi inapelekwa leo. Ikiingia baada ya hapo, kesho. Boda anatoka Kariakoo kabla ya saa sita na anakuwa amemaliza kabla foleni ya jioni haijaanza. Niliogopa kupoteza wateja. Wachache walilalamika, wengi wakazoea, kwa sababu wanachotaka ni kujua, siyo lazima iwe sasa hivi.

- Napanga mizigo kwa njia moja. Leo Ubungo, Kimara, Mbezi. Kesho Mwenge, Tegeta, Bunju. Simchanganyii Mbagala na Bunju kwa siku moja halafu nishangae anakimbia.

- Simkati pesa kwa kuchelewa. Ukimkata elfu mbili kwa kuchelewa, umemnunulia kasi kwa elfu mbili.

- Mteja simwambii "dakika 20". Namwambia "kati ya saa saba na saa tisa". Akifika saa saba na nusu, mteja anasema umewahi.

Ujumbe ninaotuma kwa mteja ni huu, unaweza kuunakili:

"Habari, mzigo wako umeshatoka Kariakoo. Utafika kati ya saa saba na saa tisa mchana. Boda anaendesha, hatapokea simu akiwa barabarani, atakupigia mwenyewe akifika karibu. Ukiwa na swali nitumie mimi hapa. Asante kwa kutuamini."

Nimetuma huu ujumbe zaidi ya mwaka sasa. Nimewahi kupata mteja mmoja aliyeghairi kwa sababu hiyo. Mmoja. Na wapo ambao wamenijibu, "mwambie aje taratibu." Kumbe watu ni waelewa ukiwaambia mapema. Sisi ndio tulikuwa tunawaahidi vitu ambavyo barabara haiwezi.

LA MWISHO

Ikitokea ajali, usianze kuuliza mzigo. Mkisaidia aliyeanguka, kama analalamika shingo au mgongo, msimvute wala msimvue helmeti kwa nguvu, ondoeni hatari barabarani na pigeni 112. Fuatilia PF3 polisi mapema ili matibabu yasikwame. Na kumbuka ile bima ndogo inalipa watu wengine waliodhurika, haimlipi mwendeshaji mkono wake mwenyewe. Kama una uwezo, jadilini na boda wako namna ya kuweka akiba kidogo kila wiki. Mimi naweka 500 kila oda, na yeye anaweka 500. Ni ndogo, lakini ile miezi miwili hatukuwa na hata hiyo.

Kaka yangu amerudi kazini. Bega likipata baridi linamuuma. Bado tunafanya kazi pamoja, na wiki iliyopita nilimuuliza kwa ujumbe kama ameshafika Kimara. Akanijibu baada ya dakika 25: "Nilikuwa naendesha bosi. Nimefika, mteja kalipa."

Hilo ndilo jibu ninalolitaka siku hizi.

Kazi ya leo kabla hujalala: pima usukani wa boda wako, andika muda wako wa mwisho wa kupokea oda, na mtumie ujumbe mmoja tu, "kuanzia kesho nikikupigia ukiwa njiani, usipokee." Halafu niambie kwenye komenti amekujibu nini.

Kazi njema, na safari njema kwa vijana wetu.